Mtandio Uliotupwa Kati Yao

Kutaisi, Jumatano asubuhi

Mdogo wangu mpenzi Guliko,

Nakusalimu kwa moyo wote, na naomba barua hii ikukute umesimama imara kwa miguu yako. Natumaini kikohozi kimekuacha, na kwamba bibi unayemtunza anakuruhusu walau kulala. Nasikia Bari bado kuna jua. Huku mvua imeanza, na majani ya mizabibu yamekuwa mekundu.

Mimi ni mzima. Mwanao Tornike naye ni mzima: hana jeraha isipokuwa mdomo uliopasuka na vidole vilivyovimba. Naliandika hilo mwanzoni ili usihangaike kulitafuta huko mbele. Yuko mikononi mwa polisi kwa kumchoma kisu mwanafunzi mwenzake. Hilo nilikwambia jana kwa simu, ukapiga mayowe, nami sikuweza kuendelea. Mtu anayelia hawezi kusikiliza, Guliko, na hili linataka kusikilizwa. Ndiyo sababu nimechukua kalamu. Murmani anaondoka mchana na basi lake la vifurushi kuja huko Italia, na kabla ya Jumapili utakuwa na karatasi hii mkononi. Isome kwa utaratibu, kuanzia juu hadi chini, bila kuruka mistari. Nililokwambia kwa simu ni kweli, lakini si lote.

Jana asubuhi niliongezewa mtu darasani. Chuo cha ualimu kilinipelekea msichana aje kutazama masomo yangu kabla hajaruhusiwa kufundisha, na jana ilikuwa siku yake ya kwanza. Anaitwa Mzekala. Ni mtu wa milimani, Khevsureti, mpana wa mabega, kalelewa kati ya kaka zake na mbwa wa kuchungia kondoo. Aliingia na matope viatuni, akanisalimu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka bonde hadi bonde. Nilimwambia kwamba mwalimu hatingishi vioo vya madirisha. Alikuwa mwekundu hadi masikioni, akaomba radhi kwa sauti ile ile.

Nilimweka dawati la mwisho, karibu na bomba la joto, nikampa sheria zangu mbele ya darasa zima. Kazi yake ilikuwa kutazama. Asiseme neno, asimsaidie mwanafunzi, asicheke, na asiinuke kwa lolote mpaka mimi nimwambie. Akauliza, kwa adabu kabisa, hata kama paa likianguka? Nikamjibu kwamba paa likianguka nitamjulisha. Darasa likacheka, nami nikajiona nimesema neno zuri.

Somo lilikuwa kusoma kwa sauti. Zamu ilipomfikia Tornike, alisimama, akasoma kama unavyojua anavyosoma: kila herufi mahali pake, lakini wimbo wa sentensi ni wa Kiitalia. Miaka miwili nimekaa naye mezani kila jioni, nikimkung'utia kila kosa, na nilikuwa najivunia. Nyuma yake alikaa Imeda, mjukuu wa Zhuzhuna yule anayeuza jozi na zabibu kavu mlango wa soko. Wazazi wake walikufa barabarani akiwa mdogo, na bibi ndiye aliyemlea. Imeda ndiye msomaji bora wa darasa langu, na ndiye mdomo wa darasa. Alianza kidogo kidogo. "Mtaliano, tafuna kwanza, hayo si makaroni." Wenzake wakakohoa kuficha kicheko. Tornike akaendelea kusoma. Imeda akaongeza kwamba asilaumiwe, maana mama yake siku hizi anaongea na wazee wasio na meno tu.

Nikagonga meza. Nilidhani imetosha. Lakini Imeda alikuwa ameshaonja kicheko, na aliyeonja hicho akiwa na umri ule hashibi. Naliandika neno lake kama lilivyotoka, kwa sababu utalisikia kwa wengine likiwa limepakwa sukari au limetiwa sumu. Alisema, "Mwacheni, jamani. Mama yake kutwa anafuta matako ya Wataliano ili yeye apate raba mpya."

Tornike alikiweka kitabu juu ya meza, akakifunga, kisha akashika kiti miguuni, akakinyanyua na kumpiga nacho Imeda usoni. Nilisikia mfupa wa pua. Kabla hajaanguka, Imeda alimshika shingo, wakashuka wote chini ya madawati wakipigana kwa viwiko na magoti, na wasichana wa safu ya mbele wakapanda juu ya viti. Damu ilirukia ukutani hadi chini ya ramani. Huko nyuma nikamwona Mzekala ameinuka nusu. Nilimtazama. Akakaa.

Niliwatenganisha kwa rula na kwa sauti yangu, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Nilimpa Imeda kitambaa cha ubao akishike puani, nikamwamuru Tornike apige deki ile damu kwa mikono yake, nikawalazimisha wapeane mikono. Walipeana bila kutazamana. Halafu nikamwamuru mwanafunzi aliyefuata aendelee pale aya ilipokatika. Nilitaka yule msichana aone jinsi darasa linavyorudishwa kwenye mstari.

Mapumziko yalipofika, Mzekala alinifuata chumba cha walimu, akauliza kama hatupaswi kumpelekea habari mkuu wa shule. Nilimweleza kwamba katika mji huu, jambo likimfikia mkuu linawafikia akina baba, na likiwafikia akina baba linawafikia wajomba, na wajomba huja na magari. Vijana wenyewe wana njia yao. Huenda nyuma ya ukumbi wa mazoezi, wawili katikati na wenzao wamewazunguka, wanasemezana, wanasukumana, yanakwisha. Jambo hilo wanaliita "kuelewana". Mzekala akasema kwao milimani nako watu huelewana, na yeye amewazika wawili. Nikamwambia anywe chai yake.

Hakuinywa. Alitoka, akarudi mbio akisema, "Mwalimu, hawasemezani wale. Wanauana." Mimi nilimalizia kikombe changu, Guliko. Nakiandika kikombe hicho ili nawe ukijue.

Tulipokaribia nyuma ya ukumbi, duara lilikuwa nene. Imeda alikuwa juu. Pua yake ilikuwa imevimba kama kiazi, na alikuwa akimsugua mwanao uso kwenye changarawe, akimwambia aseme kwa Kiitalia kwamba anaomba msamaha. Wengine walipiga makofi kwa mpigo mmoja. "Mtaliano, mwite mama! Mwite mama!" Tornike alimng'ata mkono, akajipindua, akampiga kichwa pale pale palipovunjika. Imeda alilia kama mnyama, akarudi na teke la mbavu ambalo nililisikia mimi niliyekuwa bado mbali. Kisha Tornike akasimama akiwa na kitu mkononi, na duara likapanuka ghafla na kunyamaza.

Kilikuwa kisu cha marehemu mume wangu Shota cha kuvunia zabibu, kile kilichopinda. Kilikuwa kwenye ghala la mvinyo tangu mavuno, kikining'inia kwenye msumari wake. Alikichukua asubuhi ile au siku moja kabla, sijui. Sikukagua msumari.

Nilijua la kufanya. Hakuna mwanamke wa umri wangu asiyelijua. Ile miaka ya giza, wakati mkate ulipokuwa ukigawiwa kwa foleni, niliwahi kuvua kitambaa changu cha kichwani na kukitupa kati ya wanaume wawili walioelekezeana bunduki, na wote wawili walizishusha, mmoja akakiokota na kunirudishia ameinamisha uso. Mwanamke akitupa kitambaa chake kati ya wanaopigana, mwanamume sharti asimamishe mkono. Nilikuwa na ule mtandio mweusi wa hariri ulionitumia kwa msiba wa Shota. Niliuvua, nikautupa.

Ulifika mahali pake. Ulitua kwenye kiatu cha Imeda. Naye, yule mdomo wa darasa, yule aliyekutukana, alipouona alishusha mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa mbele yangu. Alikuwa akipumua kwa mdomo, damu ikimtiririka kidevuni, na alisema, "Nisamehe, Mwalimu." Mikono yake ilikuwa wazi pembeni ya mapaja. Ndivyo alivyokuwa amesimama Tornike alipomchoma.

Alimchoma chini ya mbavu za kushoto, na kwa kuwa kisu kile kimepinda, alipokivuta kilikata zaidi kuliko kilipoingia. Imeda alikaa chini polepole kama mtu anayetafuta kiti. Mzekala alikuwa wa kwanza kumfikia. Aliuokota mtandio, akaukunja, akaukandamiza ndani ya jeraha kwa ngumi na kumlalia kwa uzito wake wote, akipaza sauti ile ya milimani kuita gari la wagonjwa, na safari hii sikumkataza. Wenzao walimwangukia Tornike. Walimpiga mateke hata baada ya kisu kuwa mbali, na mmoja alimkanyaga vidole kwa makusudi, akivihesabu. Nilijilaza juu yake. Mgongo wangu una alama za viatu vya wanafunzi wangu mwenyewe.

Wajomba wa Imeda walikuja, kama nilivyomwambia Mzekala, ingawa habari haikuwafikia kupitia kwa mkuu. Walifika shuleni polisi wakiwa wameshamchukua mtoto, wakamkuta Avtandil, mkuu wetu, ngazini akijaribu kuwaomba watulie, wakamtupa chini ya ngazi hizo na kumvunja bega. Kisha wakaja nyumbani. Niliwakuta uani wakiwa na shoka. Hawakunigusa, kwa sababu ya umri wangu na ya msiba. Waliukata mzabibu wa Shota, ule mkubwa uliofunika uwanja wote, ule ambao chini yake tulikula siku ya harusi yako. Waliukata shinani, kisha wakavunja na mitungi ya mvinyo ghalani, mvinyo wa mwaka huu wote, na aliyekuwa mkubwa wao akaniambia kwa heshima kabisa, "Shikamoo mama. Mtoto akifa, tutarudi kwa kilichobaki."

Jioni niliruhusiwa kumwona Tornike. Hapa ndipo nilipokuwa nakuleta.

Nilimwuliza swali moja tu. Nilimwuliza: uliuona mtandio? Akajibu kwamba aliuona. Mpelelezi alikuwa mlangoni anasikiliza. Kuuona na kuuruka ni ubaya ambao watu wetu hawausamehi, na hakimu naye ni mtu wetu. Nikamwuliza, sasa kwa nini? Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyepoteza akili. Akasema, "Mama mkubwa, nilikuona kichwa wazi. Mtandio wako uko miguuni kwake. Nikajua amekuvua."

Ulimtuma kwangu kutoka huko Italia alikokulia wakati Shota alipokuwa bado na nguvu, na Shota alipofariki, Tornike alisimama nami kaburini. Siku ile aliniuliza kwa nini nimejifunika. Nilimweleza kwa urefu. Nilimwambia huu ni wa msiba, hautoki kichwani mwangu mbele ya watu hadi mwaka uishe, na mtu atakayenivua amemtukana maiti wangu. Aliliweka moyoni, kama anavyoweka kila ninachomfundisha. Nusu ya pili sikumwambia. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtoto wa Kigeorgia anayepaswa kuambiwa. Nilidhani mtu huzaliwa akijua, kama anavyozaliwa akijua kunyonya. Nimemfundisha kila mnyambuliko wa kila kitenzi cha lugha yetu, na hilo sikumfundisha.

Utaniuliza ilikuwaje asinione nikiutupa. Nami najibu, na hili ndilo lililobaki.

Hakuniona kwa sababu alikuwa amegeuzwa. Mzekala alikuwa amemshika. Aliwapita wale vijana kama anapita kwenye mahindi, akafika kabla yangu, akamkamata mwanao kiwiko na kifundo cha mkono kwa nyuma, mkono wenye kisu. Alikuwa amemweza, Guliko. Vidole vilikuwa vinaanza kufunguka, nilikiona kisu kikilegea. Pumzi moja zaidi na kingeanguka. Lakini mimi nilifika nikaona mwanachuo wangu ameingia katikati ya ugomvi bila ruhusa, nikaona namna ya kishamba, nikaona nafasi ya kumwonyesha jinsi jambo hili linavyofanywa na mwanamke anayeheshimiwa. Nikamwambia, "Mwache! Rudi nyuma utazame."

Naye akamwachia. Nilikuwa nimemwambia asubuhi kwamba asifanye lolote ila kwa neno langu, na alilitii neno langu. Tornike alipogeuka, mtandio ulikuwa umeshatua.

Waliotii siku ile walikuwa wawili, Imeda na Mzekala, na wote wawili walinitii mimi.

Mpelelezi alinisomea maelezo ya Mzekala. Yamenyooka, hayana neno la ziada. Amesema alikuwa mbali, hakuwahi kufika. Hakusema kwamba alimshika, wala kwamba mimi nilimwachisha. Nilimfuata nje, chini ya mvua, nikamwuliza kwa nini amesema uongo. Alikuwa bado na damu ya Imeda hadi kwenye viwiko. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuja kutazama. Umenikaribisha darasani kwako. Jambo hilo halitoki mdomoni mwangu." Akaniomba ruhusa ya kuondoka, nami sikuwa na uso wa kumpa wala wa kumnyima.

Kutoka pale nilikwenda hospitali. Wamemtoa Imeda wengu na kumshona utumbo. Daktari hasemi ataishi, wala hasemi hataishi, anasema tusubiri. Zhuzhuna alikuwa kwenye benchi ukumbini, na aproni yake ya sokoni. Nilitarajia anitemee mate. Aliniuliza kama ni kweli nilitupa kitambaa. Nikasema ni kweli. Akauliza, "Na mtoto wangu alisimama?" Nikamwambia alisimama, alishusha mikono yote miwili, na aliniomba radhi. Akatikisa kichwa mara kadhaa akikubali. Akasema, "Hilo nilimfundisha mimi. Alikuwa mdogo hivi." Kisha akainuka, akanipiga kofi kwa nguvu zake zote, akanipiga tena na tena kwa mikono yote miwili, kichwani, masikioni, mdomoni, mpaka manesi walipomshika. Mimi nilishusha mikono yangu.

Sasa ni asubuhi, na nikishampa Murmani barua hii nakwenda kwa mpelelezi. Nitamweleza kwamba Mzekala alikuwa ameshamshika, na nani alimwambia aachie. Nitamweleza pia mtoto alidhani nini. Mwanasheria ambaye Avtandil alinitafutia, bega lake likiwa kwenye bendeji, anasema hilo la pili litampunguzia Tornike miaka. Anasema la kwanza halina haja, halimsaidii mtoto, nami litanitoa shuleni kwa aibu na pengine kunipeleka mahakamani. Nimemjibu kwamba havitenganishwi. Nikificha mkono wa Mzekala, hakuna atakayeamini kwamba Tornike alikuwa amegeuka, na atahukumiwa kama aliyeona na kuruka. Isitoshe, msichana yule ameanza kazi hii kwa kuandika uongo kwa ajili yangu. Sitaki liwe ndilo somo alilolipata kwangu.

Najua karatasi zako haziko sawa, na kwamba ukivuka mpaka kuja huku hutaruhusiwa kurudi. Sikwambii uje wala usije. Lakini kama utakuja, usianzie kituoni kwa mwanao. Anzia hospitali, kwenye lile benchi, kaa na Zhuzhuna, na akikupiga, usijikinge. Mwambie yote niliyokuandikia, na mimi nitakuwa nimeshamwambia. Kama hutakuja, mwandikie Tornike. Mwandikie kwa lugha yetu, ataisoma. Usimkaripie kwa kunitetea.

Majirani wanakusalimu. Lado wa ng'ambo ya ua alikuja mapema leo, akaufunga mzabibu shinani kwa udongo na magunia, anasema mzizi haujafa. Msalimie bibi wa Bari, mwambie asikae penye upepo. Usininunulie mtandio mwingine. Ule wako wameuhifadhi polisi kwenye mfuko, na mwaka wa Shota utaisha nikiwa hivi nilivyo.

Nakukumbatia. Nisamehe, ukiweza, kwa mpangilio ule ule niliokuandikia.

Dada yako, kichwa wazi,
Lamara